Kanda ya utotoni imetoka darini: maswali yenu, majibu ya mafundi

Toleo lililopita tuliwauliza wasomaji wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe ni albamu gani ya utotoni wangependa kuisikiliza tena. Majina yamekuja, na Michael Jackson ndiye aliyetajwa zaidi. Lakini barua nyingi zimekuja na swali juu yake: kanda ipo, tatizo ni kuipiga. Tumewapa mafundi wetu wa sauti barua saba. Ili tusichanganyane, humu "kanda" ni kaseti nzima, na "utepe" ni ile plastiki ya kahawia inayozunguka ndani.

Shikamooni. Nimekuta kanda ya Thriller ya marehemu baba kwenye boksi darini, juu ya jiko. Kwenye kidirisha naona utepe una unga mweupe pembeni. Naogopa kuipiga. Nifanyeje? (Msomaji, Tukuyu)

Marahaba, na pole kwa msiba. Usiipige. Huo unga ni kuvu. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kanda iliyokaa juu ya jiko imekula unyevu wa mvua na mvuke wa sufuria kwa pamoja. Kuvu hustawi kwenye ile gundi inayoshikilia unga wa sumaku juu ya plastiki, na kwenye vumbi na mafuta ya vidole. Ukiipiga hivyo, chembe zitabaki kwenye hedi (kile kichwa cha chuma kinachosoma utepe) na kwenye roli ya mpira, na kila kanda utakayoweka baadaye itaondoka na mbegu zake. Tena mizunguko ya utepe inaweza kuwa imegandana. Redio ikivuta kwa nguvu, utepe unakatika au unachunika.

Kabla ya kazi yote hiyo, jiulize hii kanda ina nini ambacho hakipatikani kwingine. Thriller ya mwaka 1982 inauzwa na kusikilizwa kila mahali. Kama ni kanda ya dukani, hifadhi kava lenye mwandiko wa baba na muziki uusikilize kwingine. Lakini kama baba aliirekodi mwenyewe, au mwisho wa upande B kuna sauti za watu wa nyumbani, basi jasho lako halitapotea.

Anza kwa kukausha. Kuvu mbichi hupakaa, kavu hupukutika. Tafuta ndoo ndogo yenye mfuniko unaobana, weka kanda bila kava lake, na gramu 100 hivi za zile punje za silika zinazokuja kwenye boksi za viatu. Punje za zamani zimeshashiba unyevu, kwa hiyo zitoe kwenye vifuko, zikaange kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo nusu saa, zipoe ndani ya chupa iliyofungwa, kisha zifunge kwenye kitambaa chepesi. Kanda ikae humo wiki mbili. Usitumie mchele: una vumbi la wanga, na hicho ni chakula kingine cha kuvu. Usianike juani, kasha litapinda. Na ukisikia habari za kuoka kanda kwenye oveni, ujue zinahusu tepu kubwa za studio za miaka ya 1970 na 1980 zenye gundi ya aina yake. Kaseti haiokwi.

Kisha toka nje, vaa barakoa, simama upepo ukiwa mgongoni. Kasha la kawaida lina skrubu 5: nne pembeni, moja katikati. Tumia bisibisi nyota ndogo, ile ya mafundi simu. Kanda ilale mezani, nusu ya juu uinyanyue polepole, na upige picha kabla hujagusa kitu. Utaona karatasi mbili laini za kuteleza, viroli viwili kwenye kona, bati jembamba, na pedi ya manyoya juu ya springi yake. Pini za viroli ndizo zinazopotea, kwa hiyo tandika kitambaa cheupe. Kama kasha halina skrubu, limegundishwa. Pasua kwa kisu kwenye mshono, ukianzia upande ulio mbali na utepe, na ukubali kwamba hilo kasha limekwisha.

Futa kuvu kwenye kingo za utepe kwa brashi laini ya rangi za maji, bila spiriti na bila maji. Karatasi za kuteleza zenye madoa zitupe. Hamishia utepe kwenye kasha zuri la kanda nyingine isiyo na thamani, pamoja na karatasi, viroli na pedi zake. Halafu uzungushe utepe wote kwa penseli ya pembe sita huku ukipita katikati ya kitambaa cha kufutia miwani kilichokunjwa, ukibana kidogo tu. Kanda ya dakika 60 ina karibu mita 86 za utepe, mkono utachoka. Badilisha sehemu ya kitambaa kila inapochafuka. Mara ya kwanza kuipiga iwe ndiyo mara ya kuirekodi, na ukimaliza safisha hedi na roli kabla ya kuweka kanda nyingine.

Kamwene. Redio yangu inakula kanda. Inapiga dakika mbili, halafu utepe unajikunja ndani kama tambi. Fundi mmoja amebadilisha hedi lakini bado. (Msomaji, Kihesa, Iringa)

Kamwene. Hedi haili kanda. Utepe unasukumwa na vitu viwili: kifimbo cha chuma kinachozunguka, ambacho mafundi hukiita kapstani, na roli ya mpira inayokibana. Kazi ya ile gurudumu ya kulia ni kukusanya tu. Ikizubaa, kapstani inaendelea kutoa utepe na hakuna wa kuupokea, ndipo unapojisokota kwenye roli. Bonyeza plei bila kanda na ushike gurudumu hiyo kwa kidole. Ikisimama kwa kuguswa tu, mchawi ni belti, ule mpira wa duara unaotoka kwenye mota na kuzungusha magurudumu.

Belti za miaka 20 au 30 hulegea, na nyingine huyeyuka kuwa kama lami. Lami hiyo ifute kwa pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ile wanayotumia mafundi simu. Spiriti ya rangi kutoka duka la dawa huacha ukoko. Usifute kwa petroli, itakula plastiki. Ili kupata kipimo cha belti mpya, zungusha uzi kwenye puli zote kwa njia ileile belti inayopita, pima urefu, kisha punguza asilimia 5 hadi 8. Uzi ukisoma sentimita 30, nunua belti ya mzunguko wa sentimita 28 hivi. Angalia pia umbo: belti kuu mara nyingi ni bapa, ndogo ni za pembe nne. Ukiweka inayobana mno, mota inalemewa na sauti inakuwa nzito. Raba ya kufungia noti inafanya kazi siku chache huku muziki ukiyumba kama mlevi, halafu inakatika.

Roli ya mpira nayo ikague. Ikiwa inang'aa kama kioo, imekuwa ngumu na inateleza. Isugue taratibu kwa msasa laini sana, namba 600 au zaidi, huku ikizunguka, kisha ifute kwa maji yenye sabuni kidogo na uikaushe. Uzi wa utepe au nywele zilizojiviringisha kwenye kapstani zitoe kwa kibano cha plastiki. Cha chuma kitaacha mkwaruzo, na kila kanda itaupitia.

Kanda yenyewe isisahaulike. Iliyokaa miaka mingi bila kupigwa izungushe mwanzo hadi mwisho na urudishe, ndipo uipige. Ukisikia penseli inakwama mahali, gonga kasha kwenye kiganja mara kadhaa ili mizunguko ya utepe ikae sawa.

Nikisikiliza Billie Jean kwenye simu naona imezubaa. Kanda yangu ya shule ya msingi ilikuwa inachangamka. Wenzangu wananiambia nimezeeka tu. (Msomaji, Mwanjelwa)

Hujazeeka, kaka. Kanda yako inakimbia, na masikio yako yalijifunza wimbo kwa mbio hizo. Kaseti inatakiwa kupita sentimita 4.76 kwa sekunde. Kanda za vibandani zilinakiliwa kutoka nakala ya nakala, kila mashine na kasi yake. Mashine iliyorekodi ikiwa inazubaa, kanda hiyo kwenye redio nzima itakimbia, na sauti ya mwimbaji itapanda.

Unaweza kupima. Kwenye albamu wimbo huo una dakika 4 na sekunde 54, yaani sekunde 294. Tatizo ni kwamba unaishia kwa kufifia, na kwenye kanda ya zamani mwisho haujulikani vizuri. Afadhali uchague sehemu mbili zilizo wazi, kama pigo la kwanza la ngoma na neno fulani karibu na mwisho, upime muda wake kwenye simu na kwenye kanda. Gawanya muda wa simu kwa muda wa kanda. Sekunde 252 kwa 240 inakupa 1.05: kanda inakimbia kwa asilimia 5. Tofauti ya asilimia 6 ni karibu nusu toni nzima ya muziki, ndiyo maana mtu mwenye sikio anaisikia mara moja.

Sasa tafuta mkosaji. Piga kanda nyingine ya dukani ambayo urefu wa nyimbo zake unaujua. Nayo ikikimbia, tatizo ni redio: nyuma ya mota nyingi kuna kitundu chenye skrubu bapa ndani, ambayo huzungushwa kidogo sana, kiasi cha mshale wa dakika kusogea dakika moja au mbili. Badilisha belti kwanza, vinginevyo utarekebisha kasi ya belti mbovu. Kama kanda nyingine iko sawa, usiguse mota. Rekodi kanda yako kama ilivyo, halafu kwenye kompyuta tumia amri ya kubadili kasi pamoja na kimo cha sauti, si ile ya tempo peke yake. Kwa kanda iliyotoa jibu la 1.05, kizidisho ni 0.952.

Au iache ikimbie. Kwa albamu ya utotoni hatuoni ubaya wowote. Hifadhi faili zote mbili.

Kanda yangu ya Bad ina nyimbo kumi. Kwenye simu ziko kumi na moja, imeongezeka Leave Me Alone. Nilitapeliwa? (Msomaji, Mafinga)

Hapana. Bad ilipotoka tarehe 31 Agosti 1987, wimbo huo ulikuwa kwenye CD tu. Santuri na kaseti zilikuwa na nyimbo 10. Utapeli wa kawaida ulikuwa wa kuongeza, si wa kupunguza: albamu kama Thriller inachukua dakika 20 hivi upande mmoja na 22 hivi upande wa pili, kwa hiyo kwenye kanda ya dakika 60 kila upande unabaki na nafasi, na mnakilishaji aliijaza kwa nyimbo za wengine. Kama unakumbuka Thriller yenye wimbo usioukuta popote, huenda ulitoka huko.

Naomba hatua za kuhamishia kanda kwenye simu. Nina redio kaseti, laptopu ya shule na waya wa pini mbili. Nilijaribu, sauti ikatoka upande mmoja na kukwaruza. (Mwalimu, Makambako)

Mwalimu, ulichomeka kwenye tundu la maikrofoni. Tundu hilo hupokea sauti ndogo sana na kuikuza, na laptopu nyingi hulichukulia kuwa la upande mmoja tu. Sauti ya redio kaseti ni kubwa mno kwake, ndiyo maana ilikwaruza. Unahitaji kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia "line", yaani linalopokea sauti kubwa kama ya redio, na liwe la stereo (pande mbili). Ukinunua Mwanjelwa au Miyomboni usikubali yoyote: nyingi za bei ya chini zina matundu mawili tu, la hedifoni (spika za masikioni) na la maikrofoni, na tatizo litabaki lilelile. Adapta ya kipaza sauti cha simu nayo ni ya upande mmoja.

Redio yenye tundu la "line out" tumia hilo. Isipokuwa nalo, tumia la hedifoni, sauti ikiwa theluthi moja, besi na trebo katikati, na vitufe vyote vya kunogesha vimezimwa. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Weka hezi 44,100, stereo, biti 16. Piga sehemu yenye kelele kuliko zote, na urekebishe hadi vilele vya sauti vifike karibu na desibeli -6. Ikigusa sifuri, imekatwa kichwa na haitengenezeki.

Kabla ya kurekodi, safisha hedi kwa pamba na isopropili, subiri dakika tano ikauke, kisha rekebisha mwelekeo wa hedi. Hapa ndipo watu wengi wanapoteza nusu ya muziki wao. Pembeni ya hedi kuna skrubu yenye springi. Redio nyingi zina kitundu cha kuifikia kanda ikiwa inapiga. Mwanya wa hedi ukiinama hata kidogo tofauti na ile mashine iliyorekodi, matoazi na herufi "s" hupotea, na kanda inasikika kama imefunikwa blanketi. Weka alama ya kalamu ilipo skrubu, izungushe polepole, isizidi robo mzunguko kila upande, na usimame pale sauti inapong'aa kuliko kote. Hiyo ni kwa kanda hiyo tu. Ukimaliza irudishe kwenye alama.

Kitufe cha Dolby (mfumo wa kupunguza mlio wa "shhh") kibonyeze tu kama kanda ina alama hiyo kwenye kava. Kukibonyeza kwa kanda isiyo nayo kunaua trebo. Ukiwa na shaka, kizime.

Ukisikia mvumo wa chini usiokoma, huo ni umeme wa hezi 50. Chomoa chaja ya laptopu, tumia betri. Pia umeme ukikatika hutapoteza kazi. Rekodi upande mzima bila kusimamisha, hifadhi kama WAV: dakika moja ni MB 10 hivi, saa nzima ni MB 635. Hilo ndilo faili mama, liweke kwenye flashi mbili. Nakala ya simu itoe kwa MP3 ya kilobiti 320, ambayo ni MB 2.4 kwa dakika. Ukituma WhatsApp, itume kama dokumenti ili isibanwe zaidi.

Kupunguza mlio wa "shhh" kunawezekana, ila watu hutia chumvi mno. Chukua sampuli ya mlio kati ya wimbo na wimbo, si kwenye ile plastiki angavu ya mwanzo, kwa sababu pale hakuna unga wa sumaku na mlio wake si uleule. Punguza desibeli 6 hadi 9, basi. Ukizidisha, mwimbaji atasikika kama yumo ndani ya pipa la maji.

Na mwalimu, tunaomba jambo moja. Shuleni na parokiani kwenu lazima kuna kanda za kwaya. Michael Jackson hatapotea. Hizo zikiharibika hakuna nakala nyingine. Anza nazo. Ukitaka kuziuza au kuzirusha redioni, zungumza kwanza na wenye nyimbo, na COSOTA watakueleza taratibu za hakimiliki.

Redio yangu asubuhi inaimba kwa kuvuta, ikifika saa sita mchana iko sawa. Kanda zilezile. (Msomaji, Makete)

Ni baridi, mzee wetu. Grisi ya kiwandani kwenye ekseli ya gurudumu zito, lile lililoshikana na kapstani, imekuwa nzito kama nta, na asubuhi za Juni na Julai mota haiwezi kuisukuma. Fundi atoe gurudumu hilo, afute grisi yote kwa isopropili, aweke tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ekseli, tone moja tu, yasirukie belti. Na ukitoa kanda chumba cha baridi kuileta karibu na moto, iache saa moja ndani ya kava kabla ya kuipiga. Umande unaojitengeneza juu yake huufanya utepe ung'ang'anie hedi.

Kanda imekatika katikati ya wimbo. Naweza kuunga kwa seloteipu? (Msomaji, Tunduma)

Seloteipu ya dukani hapana. Gundi yake hutambaa kwa muda, inashika mzunguko wa jirani na kupaka hedi. Tafuta teipu ya kuungia kaseti, yenye upana usiozidi milimita 3.81 za utepe wenyewe. Fungua kasha, kata ncha mbili pamoja kwa wembe mpya kwa mshazari wa nyuzi 45, zilaze zigusane bila kupandana, na ubandike kipande cha sentimita 1.5 upande wa nyuma, ule unaotazama ndani ya gurudumu. Upande wa nje ndio wenye muziki, usiuguse kwa vidole. Sugua kwa ukucha mpaka mapovu ya hewa yaishe, kisha kata kilichozidi pembeni. Kila sentimita 4.76 unayotupa ni sekunde moja ya wimbo, kwa hiyo kata kidogo. Ikiwa huna budi kutumia seloteipu, itumie kwa mpigo mmoja wa kurekodi, halafu ibandue siku hiyohiyo. Kabla ya hapo vunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kasha, kidole kisije kikabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi na kufuta muziki.